Siku Niliyoigiza Mama wa Marisela

Burnsville, Minnesota
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na kifua kimekuachia kidogo. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Zuhura naye? Unaniambia anaendelea vizuri na shule, lakini nilipopiga simu mara ya mwisho nilimsikia kwa mbali akikuambia, "Mwambie shangazi nimelala." Shangazi huyo ndiye mimi niliyemzaa. Siku ile nilijifanya sikusikia. Leo nakuambia, kwa sababu ya mambo yaliyonikuta huku, ambayo kwa simu yangenishinda.

Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi hospitalini Minneapolis. Mimi nahudumia wagonjwa wodini, yeye anawatafsiria wanaojua Kihispania tu. Anaitwa Marisela. Wazazi wake walitoka Meksiko, yeye kazaliwa hapahapa Saint Paul. Anachokipenda hasa ni kuigiza, ila kila akienda kuomba nafasi wanampa kuwa mtumishi wa ndani, na wanamtaka aongee Kiingereza kibovu ambacho hata hakijui. Akienda Meksiko nako, binamu zake wanacheka Kihispania chake. Siku moja tukiwa tunakula mchana akaniambia, "Sauda, huku mgeni, kule mgeni. Nimeamua kuandika mchezo wangu mwenyewe. Humo ndani angalau nitakuwa mwenyeji."

Mchezo ulihusu nyumba yao. Yeye angeigiza watu wote isipokuwa mama yake mzazi, na huyo alitaka nimwigize mimi, nikae jukwaani kwenye kiti na kuongea Kiswahili. Nilimwambia hakuna atakayenielewa. Akasema ndivyo anavyotaka, kwa sababu mama yake aliishi hivyo, anaongea dukani watu wanamtazama tu. Nikakubali. Usinicheke, mama, wewe ndiye uliyekuwa ukinisukuma mbele niongoze kaswida.

Katikati ya mchezo kulikuwa na habari za Lucía, dada yake mkubwa. Wazazi walipovuka mpaka walimwacha kwa bibi yake, bado mdogo, wakasema watarudi kumchukua. Hawakuweza. Hawakuwa na vibali, na wangetoka wasingeruhusiwa kuingia tena. Walipovipata, Lucía alikuwa mtu mzima na hakutaka hata kupokea simu. Nyumbani kwao picha yake iko ukutani, lakini jina halitajwi.

Siku ya mazoezi ya mwisho mama yao, Mama Elvira, alituletea chakula. Hakuna aliyemwona akiingia. Marisela alikuwa jukwaani akionyesha Lucía anavyolikimbiza basi lililombeba mama yake. Nikasikia sufuria inabamizwa sakafuni. Walizungumza Kihispania na Marisela alinitafsiria baadaye, ingawa nyuso zao zilitosha.

"Nani kakuruhusu?" mama aliuliza.

"Ni maisha yangu pia."

"Yako yapi? Wewe ulizaliwa hapa, kwenye kitanda cha hospitali. Aliyeachwa ni yeye. Aliyeondoka ni mimi."

"Nimekua naitazama ile picha. Kila nikiuliza, unawasha redio."

"Ukilitaja jina lake mbele za watu, usikanyage kwangu."

Akaondoka. Chakula kilibaki palepale, na hakuna aliyekigusa. Nilimshauri Marisela aiondoe sehemu hiyo. Akanijibu kwamba akiiondoa, kinachobaki ni nyimbo na mapishi, na hayo wazungu wameshayaona.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Nilimwona Mama Elvira akiingia, akakaa safu ya pili na koti lake hakulivua. Ilipofika zamu ya Lucía, Marisela alimtazama mama yake, halafu akalitaja jina. Kisha akanigeukia mimi. Hapo tulipanga niite watoto waje kula. Mama, yakanitoka mengine kabisa. Nilisema, "Mwanangu, sikukuacha kwa kuwa sikutaki. Nilikuacha kwa mtu niliyemwamini kuliko nafsi yangu. Usiniite shangazi." Watu hawakuelewa hata neno. Nilipotazama safu ya pili, kiti kilikuwa kitupu.

Walitushangilia wamesimama. Marisela alipofika chumba cha kubadilishia nguo aliangua kilio. Jumatatu yake watu wa ukumbi mmoja wa Chicago wakamwomba aupeleke mchezo kwao, naye hakuwajibu. Alikwenda kwa mama yake, gari liko nje, mlango haukufunguliwa. Kazini akawa anatafsiri maneno ya wagonjwa kama mashine.

Jumapili iliyopita nani kagonga kwangu? Mama Elvira, peke yake, kaendesha kutoka Saint Paul kwenye ile barabara kuu anayoiogopa. Hata chai aliikataa. Kwa Kiingereza chake cha vipandevipande akauliza, "Siku ile ulisema nini?"

Nikamweleza neno kwa neno.

"Una mtoto kule?"

"Ninaye. Yuko kwa mama yangu."

Alikaa akiitazama mikono yake. "Nilitoka ili nisilie mbele za watu," akasema. "Nikampigia Lucía nikiwa ndani ya gari. Safari hii alipokea. Nikamwambia mdogo wako amekutaja ukumbini. Nilidhani atakasirika."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama mdogo wake alilitamka jina vizuri. Akasema alitaje popote, amechoka kufichwa."

Nikamwambia Marisela anapaswa kuyasikia hayo. Akasema bado ana hasira naye, na hasira hiyo atampelekea mwenyewe, ila nimsindikize. Tukaenda kwa Marisela. Waligombana palepale mlangoni, baridi ikiingia ndani, hakuna aliyekumbuka kufunga. Mwisho Mama Elvira akasema kwa Kiingereza, nadhani alitaka na mimi nisikie, "Hakulikimbiza basi. Alikuwa amelala. Nilimwacha amelala kwa sababu angeamka nisingeondoka. Kama unataka kulisema, liseme hivyo."

Marisela akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Sasa anaiandika upya sehemu hiyo, na kila akimaliza ukurasa anampigia Lucía na kumsomea. Chicago ataenda. Mama yake hajasema kama atamfuata, lakini ameanza kumfungulia mlango.

Mama, mimi nilimuaga Zuhura akiwa macho, wewe ulikuwepo. Ila alikuwa mdogo, na sijui amebaki na nini cha siku ile. Makaratasi ya kumleta bado wananiambia nisubiri, na wakati nasubiri anaendelea kukua bila mimi.

Nisalimie mjomba Issa na wanawe wote. Shangazi Tatu mwambie asiukalie ule mguu, aende hospitali. Kaka Hamisi na mkewe wape hongera ya mtoto. Majirani zako wa kisimani nawasalimu pia.

Na Zuhura, nitapiga Ijumaa akishatoka shuleni. Usimlazimishe kushika simu. Iweke spika mezani na uketi naye karibu, nitamweleza mwenyewe jinsi nilivyoondoka, na akitaka kuuliza aulize. Akiniita shangazi, usimkaripie. Nitaitika.

Wako akupendaye daima,
Sauda