Mnazi wa Kitovu cha Athumani

Mbegani, upande wa Bagamoyo

Kwa mdogo wangu Makame, aliye Mafia katika shamba la baba yetu.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo? Mkeo hajambo? Na kile kifua chako kinachokubana kila kusi ikianza kuvuma, kimepoa, au bado unakohoa na dawa hutaki? Mimi ni mzima wa kusimama na kutembea. Ukiniuliza zaidi ya hapo utakuwa unanitafutia uongo. Maneno haya ananiandikia mwalimu wa chuoni kwetu, nami nimemwambia ayaandike kama yanavyotoka, asiyapake mafuta.

Habari za vita mmezisikia huko, maana mizinga ile hata samaki waliisikia. Tulikimbilia porini nyuma ya Kerege, tukala ndiga, ule mzizi ambao usipouloweka vyema unakuua badala ya kukushibisha. Tuliwazika huko wazee wenzangu, na watoto wachanga ambao hata majina hawakupewa. Mwanangu Mwanaasha, mpwa wako, na bintiye mdogo Riziki wako hai. Alhamdulillahi kwa hao wawili. Mengine sitayarudia, kwa kuwa kuyasema hakuwarudishi.

Tuliporejea tulikuta vibanda majivu na minazi imekatwa vichwa. Mingine ilipigwa na manowari, mingine iliungua pamoja na nyumba, mingine haikuwa na mtu wa kuitazama ikafa kwa unyonge wake. Yakabaki mashina matupu yamesimama shamba zima kama watu waliosahau walichojia. Na hakuna aliyeyagusa. Huku kwetu, kama huko kwenu, mtu humiliki minazi, hamiliki mchanga. Shina lako likisimama, hata likiwa limekufa, ndilo shahidi wako. Ukiliangusha, kesho jirani atakuuliza, hapa palikuwa na nini?

Basi mvua za vuli zikanyesha, mashina yakaoza, na mdudu chonga akaja.

Makame, mimi chonga namjua tangu utotoni, lakini sikupata kumwona kama mwaka huu. Jioni ukikaa uani unawasikia wakipita juu wakinguruma, weusi, wana pembe kama vifaru wadogo. Anaingia kwenye kilele, anatoboa makuti yangali yamefungwa, anashuka anatafuna kuelekea moyoni. Kuti likifunguka unaliona limekatwa pande zote mbili, kama nguo iliyokunjwa ikapitishwa mkasi. Mnazi mkubwa ukiingiwa na mmoja huugua tu. Ukiingiwa na wengi moyo unaoza, na kilele kinaanguka chenyewe. Minazi iliyosalimika na mizinga ikaanza kufa kwa mdudu. Na mihogo ilikuwa haijakomaa, kwa hiyo nazi ndizo zilizokuwa zikitulisha. Tulikuwa tukila machicha, Makame. Machicha ambayo ulikuwa ukiwamwagia kuku.

Watu walifanya waliloliweza. Sefu, mkwezi wetu, alikwea kutwa na kulabu yake ya waya, akimtoboa chonga shimoni na kumvuta nje kama anayevua pweza. Akishuka na mfuko umejaa, kesho yake mashimo mapya. Akaja mganga akafunga vitambaa vyekundu kwenye minazi, na chonga wakatoboa juu ya vitambaa. Wengine wakasema mdudu huyu kaletwa na zile meli. Nikawaambia zile meli zimeleta mengi, lakini huyu ni wa hapahapa, msimpe sifa ya ugeni.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitupasulisha magogo yaliyooza, na kuku wakitufuata nyuma? Mle ndani mabuu meupe, manene, yamejikunja, vichwa rangi ya kahawa. Watoto wa chonga. Hawazaliwi kwenye mnazi mzima. Mama yao hutaga kwenye mti uliooza, nao hulala humo miezi wakila uozo, mpaka waote mbawa na pembe. Nikaenda barazani kwa Mwinyikombo, ambaye ndiye mkubwa wa mtaa wetu, nikawakuta wanaume wamekaa wanalalamika. Nikawaambia, mnavua wakubwa juu huku mnawalea watoto chini. Chonga hula mti ulio hai, lakini hulelewa na mti uliokufa. Yaangusheni mashina, myapasue, myachome, la sivyo mtakwea mpaka magoti yaishe.

Mwinyikombo akacheka. Akasema, "Bibi Mwanajuma, wewe wataka tuchome mashahidi wetu."

Nikamwambia shahidi anayekula watoto wa mwenyewe ni wa kazi gani? Tukabishana sana. Mwisho tukapatana kwamba kila shina litakapoanguka, mwenyewe atasimika kijiti cha mbono, mti unaochipua ukichomekwa, palepale mbele ya majirani, na asiwepo wa kukikana. Shamba la wasiorudi kutoka porini tulilifanya kwa pamoja, nalo tukalisimikia mbono kwa majina yao. Hapo palikuwa pagumu, maana majina mengine tuliyataja na hakuna aliyeitikia.

Moshi ukatanda mtaani. Kuku walikula mabuu mpaka wakawa hawataki kutembea.

Kisha Mwinyikombo akaja kwangu, akasimama mlangoni bila kuketi. Akasema, "Moshi nimeuona kwa watu wote. Kwako sijauona bado."

Alikuwa na haki yake, maana nyuma ya nyumba yetu lilibaki shina moja. Nalo unalijua, ingawa hukupata kuliona kwa macho. Ni ule mnazi uliotuletea mbegu yake mjukuu wangu Athumani, mtoto wa kwanza wa Mwanaasha, alipozaliwa. Kitovu chake kilipodondoka nilikizika mimi kwa mikono yangu, na nazi yako nikaipanda juu yake. Walikua pamoja, mtoto na mti, hata tukawa tukimpima kwa huo.

Athumani alikwenda bara na msafara wa pembe za ndovu kabla ya vita. Siku ya kuondoka alikwea, akaangua dafu, akanywa, akamwambia mama yake, "Zilizobaki usimpe mtu. Nikirudi nitaangua mwenyewe." Mwanaasha akalishika neno hilo kama kiapo. Hakuna aliyekwea tena mnazi ule. Sefu alipopita na kulabu yake aliifanyia minazi yote, ila huo alikatazwa. Basi chonga wakaingia wakaupenda, wakaumaliza, na kilele kikaanguka palepale uani. Kilichouua ni kutunzwa, Makame. Unanijua mimi sina neno ninaloliacha kinywani, lakini hilo sikumwambia mpwa wako, na wewe usije ukamwambia.

Mtu mmoja wa msafara ule alirudi. Alisema walimwacha Athumani Ugogo, miguu imevimba, wakamwachia mkeka na kibuyu cha maji. Alikuwa akisema na huku akitazama vidole vyake. Mwanaasha alimsikiliza, akamkaribisha uji, akamuuliza kama kibuyu kilikuwa kimejaa. Tangu siku hiyo akawa anafagia chini ya shina kila asubuhi. Na desturi unaijua: mnazi wa kitovu haukatwi mwenyewe angali hai. Kuukata ni kusema amekufa.

Siku nyingi nilimtazama akifagia, nikapita. Kilichonivunja ni mnazi wa Riziki. Kitovu chake kimezikwa hatua chache tu kutoka shina la kaka yake, na mnazi wake bado mfupi, ukinyoosha mkono unashika kuti. Asubuhi moja niliona kuti lake jipya limefunguka limekatwa mkasi. La pili lake pia. Nikaingiza kijiti kwenye tundu, nikamtoa chonga mkubwa, dume, bado ana unga wa shina lililooza mgongoni. Sikuhitaji kuuliza katoka nyumba gani.

Nikaenda naye mkononi hadi jikoni. Nikamwambia Mwanaasha, "Huyu katoka kwa kaka, kaja kumla dada."

Akaendelea kukuna nazi. Nikamwambia shina lile halina uhai, lina mabuu. Akasema analijua. Nikamwambia basi kama unalijua, toka tuliangushe. Ndipo akaiacha mbuzi ya kukunia, akasimama.

"Mama, umeiona maiti yake?"

"Sikuiona."

"Basi huna mti wa kukata."

"Na Riziki je?"

"Riziki yupo hapa, namwona. Nikiangusha ule, Athumani nitamwona wapi?"

Nilimwambia tu kwamba kitovu nilikizika mimi, na shoka ni langu. Akaniambia, "Ukilipiga shoka, umemzika. Na mimi nitakaa matanga, na wewe ndiye utakuwa umenifishia mwanangu." Akaingia ndani.

Nilimwita Sefu. Mtu yule aliyekwea minazi yote ya mtaa akakataa kuligusa shina lililokufa. Akasema, "Bibi, nitakata mti, sitakata mtu." Sikumlaumu. Nikashika shoka mwenyewe. Unajua mikono yangu ilivyo sasa, kwa hiyo usidhani nilikata kama kijana. Nilipiga, nikapumzika, nikapiga. Lilikuwa limeoza kiasi kwamba shoka lilizama kama kwenye boga. Lilipoelemea Sefu aliona haya, akaja akalisukuma nami, likaanguka upande wa choo bila hata kishindo cha maana. Tukalipasua. Ndani halikuwa shina tena, lilikuwa unga mweusi unaotembea. Mabuu ya kila umri, na wengine wameshajijengea vikapu vyao vya nyuzi, ndani wamekunja mbawa wanangoja. Msimu mmoja zaidi, na Mbegani nzima isingekuwa na nazi ya kutia kwenye mchuzi.

Tukalichoma. Mwanaasha alifumua nywele zake, akavua vipuli, akatandika mkeka, akakaa. Wanawake wa mtaa walipoona moshi wakaja na vitambaa vichwani na vibaba vya mtama walivyojinyima. Niliwazuia mlangoni, nikawaambia rudini, hakuna aliyefiwa hapa, nimekata mnazi. Kutoka ndani Mwanaasha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibuni." Wakanitazama, kisha wakanipita. Walisoma hitima, wakalia. Nami nilikaa nje na moto wangu.

Hakusema nami. Alinipakulia chakula, alinitekea maji, nilipoumwa mgongo alinikanda, lakini neno hakunipa. Kupigwa na mwanao ni nafuu kuliko kukandwa na mwanao aliyenyamaza.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie. Jivu la shina lile lilikaa uani limepoa, na mimi sikuthubutu kulizoa. Asubuhi moja niliamka nikamkuta Mwanaasha amechutama, analichekecha kwa ungo. Akalichanganya na mchanga wa pwani, kama baba alivyokuwa akitufundisha, ule mchanganyiko wa kutia kwenye makwapa ya makuti ili chonga akiingia umkwaruze na kumrudisha. Sikujua kama alikuwa akinisikiliza nilipokuwa nikilisema hilo miaka yote. Akaenda kwanza kwenye mnazi wa Riziki. Akatia jivu kila kwapa, polepole, kwa vidole, kama mtu anayempaka mtoto wanja. Kisha akampa Sefu kikapu, akatie kwenye minazi mingine yetu, na jivu lililobaki akalipeleka kwa Mwinyikombo awagawie majirani. Hivi sasa Athumani yuko juu ya minazi yote ya mtaa huu.

Alipomaliza akanawa mikono, akaja akakaa karibu nami. Akauliza, "Mjomba bado anao mnazi ule uliotoa mbegu?"

Ndilo neno lake la kwanza kwangu. Nikamwambia sijui, nitauliza.

Kwa hiyo nakuuliza. Ule mnazi wa karibu na kisima cha baba, upo? Kama upo, nitafutie nazi moja iliyodondoka yenyewe, usiangue. Itikise usikie maji. Iweke kivulini mpaka itoe jicho, kisha mpe nahodha yeyote mwaminifu anayekuja upande wetu. Tutaipanda mbali kidogo na pale pa zamani, maana mizizi ile bado inaoza chini. Mwanaasha amesema atachota udongo wa pale pa kitovu auhamishie shimo jipya. Sikumuuliza ni mnazi wa aliye hai au wa aliyekufa. Hata yeye nadhani hajui, nami sitamsukuma. Nimeshakata mara moja, inatosha.

Usimletee maneno ya pole. Mletee nazi.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, mwambie mkeka alionipa nilikimbia nao porini na nimerudi nao, ndio huohuo uliokaliwa matanga. Msalimie shangazi yetu aliyetulea, kama bado anawafokea basi mzima. Msalimie mwanao mkubwa mwenye jina la baba, na umwambie magogo yaliyooza shambani yasilale hata msimu mmoja, ayapasue hata kama ni ya watu. Mwanaasha anakuamkia. Riziki anakuamkia, na anauliza kama Mafia kuna chonga.

Na kama jahazi lolote litapita huko na kijana mwenye kovu la shoka kwenye goti la kushoto, mwambie mnazi wake bibi yake ameukata. Mwambie aje agombe.

Ni mimi dada yako,
Mwanajuma