Mwaka Huu Sitaimba Kishapu

Dar es Salaam,
14 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui sasa baridi imeingia. Mama naye shikamoo yake. Pamba mmeshaanza kuchuma? Mimi sijambo, nakula, nalala, na kile kikohozi cha Aprili kimekwisha.

Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua, Baba: ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Jumapili ulisema mbina ya Kishapu, yale mashindano ya ngoma, imepangwa mwezi wa nane. Ukasema Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma tangu enzi za babu, wametamba mwaka mzima tangu watushinde, na safari hii sisi Bagika wa Samuye tutasimama na manju mpya wa kuongoza nyimbo, yaani mimi. Ukamalizia kwamba usiponiona uwanjani, usiulizwe tena habari za Limi. Neno hilo limeniuma, na hadi leo linaniuma.

Kisha ukauliza hicho Kifaransa kinanipa nini cha maana. Nakujibu sasa. Hapa mjini kuna kituo cha utamaduni wa Kifaransa, na sisi tunaosoma lugha hiyo chuo kikuu tunaingia bure kwa kitambulisho. Mwaka wa kwanza sikukanyaga, niliona ni mahali pa watoto wa wakubwa. Aliyenivuta ni Nazia, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Shinyanga mjini, ninayesoma naye. Aliniambia kama nimekuja Dar kukariri vitenzi bwenini, ningebaki Samuye nikakariri huko huko. Wee! Nilimnunia siku mbili, halafu nikaenda. Jumatano kuna sinema. Alhamisi tunakaa na Warundi na Wakongo, tunabishana hadi ulimi unalainika. Maktaba yao ina vitabu ambavyo darasani tunavisikia majina tu. Sarufi nafundishwa chuoni, lakini kucheka kwa Kifaransa nimejifunzia pale.

Mwezi uliopita walitafuta wanafunzi wa kuigiza mchezo wa jukwaani. Kila mmoja alitakiwa aimbe wimbo wa kwao, kisha aueleze kwa Kifaransa. Mbele yangu walikuwapo waamuzi watatu na viti vitupu. Watu wengine walikuwa barazani na kahawa zao. Nikaanza. Ubeti wa pili haujaisha, wale wa nje wakaanza kuingia, hata muuza kahawa akaacha birika lake. Wewe unajua maana yake kuliko yeyote. Kwetu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu ndiye mshindi. Niliwavuta, wala sikuwa na dawa ya mganga hata punje. Walipouliza maswali niliyajibu yote bila kutazama karatasi.

Wamenichukua. Mazoezi ni Julai na Agosti nzima, na Septemba tunaupeleka mchezo Bujumbura. Nimeshatia saini. Kwa hiyo Kishapu siji, Baba. Sijadharau ngoma yako, ila nafasi hii nimeitafuta kwa jasho langu na siiachi. Ukinuna, nuna. Nitakupigia kila Jumapili, na usipopokea nitapiga tena.

Lipo jambo jingine, zito kuliko hilo. Nataka ulisikie kwangu kabla jirani yetu Onesmo hajakusikilizisha kwenye simu yake, maana Nazia alinirekodi na video imeshafika Shinyanga. Wimbo nilioimba si wako. Ni wa Bagalu. Wala sikukosea, niliuchagua. Nyimbo zako nazijua zote, lakini nyingi ni za kuwasuta wapinzani, na ule ni wa mwanamke anayeondoka kwao. Nilitaka kuimba ninachokijua.

Utauliza nani alinifundisha wimbo wa Bagalu ndani ya nyumba ya Bagika. Barua hii anakusomea Mama, kama zote tangu macho yako yapate ukungu. Mama, tafadhali usiruke hapa, soma kama ilivyoandikwa. Ni wewe. Uliniimbia shambani siku ambazo Baba alikwenda mnadani Tinde, kwa sauti ya chini, ukaniambia tukifika nyumbani nisahau. Sikusahau. Ulipoolewa kutoka kwa Bagalu uliambiwa nyimbo za kwenu uziache huko huko, na miaka ishirini na sita Baba hajakusikia ukiimba hata moja. Nisamehe kwa kukutaja. Nimechoka kuificha sauti yako, nayo ndiyo iliyonifikisha jukwaani.

Baba, usimgombeze. Na kama kweli unatafuta manju wa kuwatoa jasho Bagalu, huyo hapo, ameshika karatasi. Mwombe. Usimwamuru, mwombe.

Msalimieni dada Esta na wanawe. Nawaombea mavuno mema na mazungumzo marefu jioni ya leo.

Ni mimi mtoto wenu, wa pande zote mbili,
Limi Jilala