Upande Uliovunjwa na Lori

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa safari za kila siku. Natumaini hujambo, wewe na hilo lori lako. Huku sote wazima. Mama bado ananiuliza kama nimekula kabla hajaniuliza habari, kwa hiyo ujue yu salama kabisa.

Tangu siku ile uliporudisha lori nyuma ukavunja nusu nzima ya mshelisheli wake, hujakanyaga hapa. Najua ni aibu, si hasira. Lakini barabara inapanuliwa, ukuta wa nyumba umeshachorwa alama nyekundu, na Mama amekataa katakata kuhama bila mti wake. Akasema mshelisheli wetu hauna mbegu, basi mimi mwenye kitalu nimtolee mche kutoka mti huohuo kabla tingatinga halijafika.

Nikacheka. Kazi yangu hiyo! Nikapanda kileleni, nikakata vijiti vinono vilivyoshiba jua, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kuvifunika nailoni. Vyote vikaoza. Nikarudia, vikaoza tena. Mama akataka kujua kama wateja wangu nawauzia miche au kuni.

Hapo nikaudhika, nikauzunguka mti wote nikiuchunguza. Kumbe nilikuwa naangalia unono wa kijiti, siangalii maisha ya tawi lilikotoka. Matawi ya juu yamekomaa, yamezoea jua kali na kuzaa. Hayana tena habari na mizizi. Lakini chini, kwenye kigutu cha ule upande ulioupiga wewe, kivulini nyuma ya tangi la maji, palikuwa na machipukizi laini yenye urefu wa shubiri. Nikachukua hayo, nikayachomeka mchangani, nikangoja wiki kadhaa. Leo nimeyavuta kidogo kwa vidole, yakagoma kung'oka. Yameshika, Kaka! Nimeruka kwa furaha mpaka nikapiga teke ndoo ya maji.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mama hakutaka ulijue. Pale kwenye kigutu udongo ulikuwa umelowa, na uani kote kumekauka. Nilipomuuliza akajifanya hasikii, kisha akakiri kwamba tangu ulipoondoka, kila asubuhi hupeleka hapo maji aliyooshea mboga. Nikamuuliza mbona upande wa pili, ulio mzima, haupewi kitu. Akasema upande mzima hauna mtu anayeuonea haya. Alitaka siku utakapokuja ukute jeraha limefunikwa na majani, usisite kushuka kwenye lori.

Nililia, na unajua mimi silii ovyo.

Basi njoo, Kaka. Vyombo vya Mama vinahitaji lori, na miche inahitaji dereva asiyekimbia. Gari la mtu mwingine amelikataa. Ila safari hii, kabla ya kurudi nyuma, shuka kwanza uangalie.

Mama anakusalimu sana, ingawa anajifanya hajui kwamba nakuandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku