Nyasi Zilizofika Ukutani

Kibeta, Bukoba
14 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu. Mimi ni mzima, ila mafua yamezunguka bweni zima na sasa yamefika kitandani kwangu.

Klaudia wa bwenini kwetu alirudi kutoka huko Kishanda akanipa salamu zako. Alisema uliigusa nguzo ya mlango wa nyuma ikabonyea kama ndizi mbivu, na ndani palikuwa patupu. Tangu hapo sisomi vizuri. Nikamuuliza mwalimu wa baiolojia, naye akabaki nami baada ya kipindi akanieleza.

Mama, mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu. Wakitoka ardhini hujifunika, ndiyo maana hujenga vile vijia vya udongo ukutani. Mti huula kutoka ndani na kuacha ganda la juu, nawe unapita kila siku ukidhani nguzo ipo. Mwalimu aliniuliza nyasi za mgombani kwetu zimefika wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba wewe huzitandaza kibanja chote, migomba yote, nene, hadi kugusa ukuta. Akasema, "Basi mmewatandikia mkeka hadi mlangoni."

Na kuna jambo la pili. Tukiviona vijia, huwa tunavisiliba kwa udongo na samadi ili ukuta upendeze. Kumbe tunawafunika.

Tafadhali ondoa nyasi kuizunguka nyumba, kama hatua mbili, ardhi ibaki wazi. Vijia uvivunje lakini usivisilibe. Wakivijenga tena, utajua wanapitia wapi.

Mwanao,
Joviana


Kishanda, Muleba
29 Septemba 2024

Mwanangu Joviana,

Marahaba. Mafua yamekwisha? Chemsha majani ya mkaratusi ujifukize. Mgongo wangu ni uleule, tumeshazoeana.

Barua yako nimeisoma nikabaki nimeishika tu. Mwanangu, mwanamke wa hapa akiacha ardhi tupu kando ya nyumba, watu husema kibanja kimemshinda. Na unajua nani anangoja neno hilo. Tangu marehemu tata, baba yako, atuache, baba yako mdogo Datius hupita hapa kila Jumapili akitoka misani, anasimama uani akiipima migomba kwa macho. Juzi kaniambia, "Shemeji, mjane mwenye binti mmoja kibanja hiki cha nini? Siku nyumba ikianguka utahamia kwangu, na shamba ukoo utajua la kufanya."

Nikamwambia nyumba imesimama.

Akacheka. "Imesimama kwa mazoea."

Kwa hiyo hizo nyasi ndizo zinazonisemea kwamba bado nalima. Nimemwaga majivu kando ya ukuta, yatosha. Wewe soma.

Mama yako


Kibeta, Bukoba
6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Nimepona, majani yalisaidia.

Majivu huwachelewesha kidogo tu, na mvua moja ikinyesha yanakwisha. Mwalimu anasema nyasi zisichomwe wala zisitupwe. Zirudishe kwenye migomba ya mbali, nao mchwa wapate cha kula huko.

Mama, sisemi hili kwa kukosa adabu. Baba mdogo anangoja nyumba ianguke. Hangoji nyasi. Watu wakikuuliza, sema Joviana ndiye aliyeagiza, wanicheke mimi.

Na kitanda chako bado kiko chumba cha nyuma? Kihamishie sebuleni, tafadhali, hata kama hutafanya lingine lolote.

Mwanao,
Joviana


Kibeta, Bukoba
26 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Hapa imenyesha mvua kubwa, na jioni kumbikumbi walijaa kwenye taa ya bweni. Wenzangu walitoka na ndoo wakishangilia. Klaudia akanipa wa kwangu kiganjani, sikuweza kula.

Niandikie hata mstari mmoja.

Joviana wako


Kishanda, Muleba
17 Novemba 2024

Mwanangu Joviana,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Ni mzima. Nilikuwa sina mikono ya kuandika.

Barua yako ya pili iliponifikia nilihamisha kitanda. Kesho yake nikaanza kuvuta nyasi. Jirani Gaudiosa akaniita kutoka kwake, "Mama Joviana, unahama?" Nikamwambia nafagia. "Kwa jembe?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Vijia nilivivunja vyote. Vya mbele havikurudi. Vya nyuma vilirudi usiku uleule, na mvua hiyo unayoisema ilipokuja, ukuta wa nyuma ukalala chini pamoja na chumba changu. Mimi nilikuwa sebuleni.

Datius hakuchelewa. Alikuja na wazee wa ukoo, viatu vya misani vimejaa matope. Mzee Kagaruki akauliza mbona kando ya kuta hakuna nyasi.

"Amechoka, waitu, wazee wangu," Datius akasema. "Mnaona wenyewe."

Nikasema ni kweli nimechoka. Nikachukua panga, nikaipasua nguzo iliyoanguka mbele yao. Mchwa wakamwagika, Datius akaruka nyuma. Kisha nikawapeleka mbele, nikaichanja nguzo ya mlango. Mti mkavu, mweupe. Nikawaambia, "Kule nyuma ndiko nilikopamba kwa udongo miaka yote. Huku ndiko nilikowawahi."

Mzee Kagaruki akaigonga nguzo kwa fimbo, akasikiliza. Akasema, "Datius, nyumba ni mtu na moto. Hapa vyote vipo. Mwache."

Datius kasema atakuja kuona baada ya mvua. Atakuja, namjua. Lakini Jumapili iliyopita hakupita.

Pengo la nyuma nimeliziba kwa turubai, linapiga kelele kama mlevi. Mzee Kagaruki ametupatia miti migumu, na mawe nimeyasomba mwenyewe kidogo kidogo, nguzo zisiguse udongo. Kuzisimamisha peke yangu siwezi. Chumba ni kimoja sasa, kwa hiyo likizo tutalala kitanda kimoja, nawe unapiga mateke, usidhani nimesahau.

Usije na nguo nyingi. Njoo na za kazi.

Mama yako