Vipimo vya Shamba la Mzee Khisa

Kakamega,
19 Julai 1998

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu na nyote hapo Chekalini mko salama. Mimi ni mzima wa mwili, ingawa usingizi umenipotea.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema mahindi ya jirani yetu Mzee Khisa kule bondeni yameoza yote, na sasa yeye na mkewe Pascalia wanafanya vibarua ili watoto wapate kula. Umesema pia hamsalimiani tena, tangu umwite mvivu mbele ya kanisa kwa kutochimba mitaro.

Baba, juzi nilikuja huko bondeni kimya kimya, sikupita nyumbani. Niling'oa shina moja la mahindi, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Mzee Khisa alinikuta hapo. Hakunikaripia. Alinionyesha mitaro yake, inafika magotini, amechimba shamba zima. Kisha akasema, "Binti yangu, kompyuta yenu haikukosea. Labda ningechimba zaidi."

Unaijua kazi yangu hapa kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Tunaipa kompyuta vipimo vya mvua na vya kina cha maji ardhini, nayo inakadiria mahindi yatakuaje mizizi ikikosa hewa. Novemba iliyopita, nilipokaa kwenu mwezi mzima, nilitumwa kupima maji kila asubuhi kwenye bomba tulilofukia shambani kwa Khisa.

Baba, siku kumi na moja za mvua kubwa sikwenda. Niliona taabu kuvuka lile tope. Nilikaa jikoni kwa Mama, nikaandika nambari za kubuni. Kompyuta ikaziamini, ikasema maji ya bondeni hukauka kwa siku mbili. Nawe kwa kujivunia mwanao ukampelekea Khisa ile karatasi ya majibu yake, ukamsihi apande.

Mkubwa wangu nimemwambia. Kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu.

Jumamosi nakuja kumweleza Mzee Khisa mwenyewe. Nakuomba utangulie kwake, umwombe radhi kwa neno lile ulilomwita. Kosa langu nitaliombea radhi mimi mwenyewe.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee barua hii. Nitamwambia kwa kinywa changu.

Ni mimi bintiyo,
Nekoye