King'ora Chako Kilitaka Mkono wa Tatu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza na wewe kwa neno jingine.

Nakuandikia kuhusu king'ora chako cha kufukuzia tembo. Tangu tukuzike, tembo wamerudi shambani kwako. Mwanao Mwita yuko machimboni na hana habari ya mahindi. Aliyebaki nyumbani ni mkewe Bhoke, mkwe uliyempenda kuliko mwanao, na yeye ndiye aliyenipigia simu ofisini.

"Shemeji, king'ora kimekufa," alisema. "Mahindi yakianza kubeba kabla hakijapona, nakodisha shamba, nafunga nyumba, naenda machimboni na mimi nikapike chakula niuze. Siwezi kuwapigia tembo sufuria peke yangu."

Nikamjibu kwamba nitaangalia. Unanijua. Nikisema nitaangalia, maana yake nimeogopa.

Nilipanda basi nikaenda kukichukua, nikakifungua hapa Bomani, kwenye chumba changu cha kupanga, kwa sababu hapa kuna umeme wa kutosha. Ubovu haukujificha. Chipu inayotengeneza mlio ilikuwa imeungua, ile yenye miguu mingi kama jongoo. Chipu mpya inapatikana. Bodi iliyoibeba haipatikani, maana uliitengeneza mwenyewe, na njia zake za shaba ulizichora kwa mkono. Shaba hiyo ni nyembamba. Ukivuta mguu mmoja kabla risasi ya kulehemu inayoushikilia haijatoka yote, shaba inang'oka pamoja nao, na king'ora ndiyo basi.

Likizo zangu nyingi ziliishia barazani kwako, kwenye kazi hii hii. Ulishika bodi kwa mkono wa kushoto na chuma cha moto kwa mkono wa kulia. Mimi nilishika pampu ya springi ya kunyonyea risasi, iliyofanana na bomba la sindano. Risasi ilipoyeyuka ulisema, "Nyonya!" nami nikabonyeza. Nilikuwa nabonyeza huku nimefumba macho.

"Fumbua, wewe! Unaogopa risasi itakuuliza jina?"

Siku moja jirani aliyeleta redio yake alicheka, nawe ukamwambia, "Usimcheke. Huyu ndiye Mkurya wa kwanza kukimbizwa na pampu." Nilikasirika hadi jioni. Lakini siku ile ile ulinifundisha jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma: risasi kuukuu haisikii moto mpaka uiongezee kidogo iliyo mpya.

Sasa niko peke yangu, na mikono miwili haitoshi. Nilijaribu kwanza kwenye bodi ya redio mbovu, nikaibana katikati ya vitabu. Pampu ilipofyatuka ilipiga teke, na duara la shaba likabanduka, likabaki linaning'inia kwenye mguu wa kifaa. Yako sikuigusa. Niliirudisha kwenye boksi nikaenda kuosha uso.

Nikaanza kutafuta chombo cha umeme kinachoyeyusha na kunyonya kwa wakati mmoja. Nilichunguza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kipo cha bei ndogo kabisa, chuma cha moto chenye mpira wa kubinya. Kinafaa, lakini mpira hauna nguvu, na ukichelewa kuubinya unaendelea kuichoma shaba. Kipo kingine kinachopata moto wa umeme lakini kinanyonya kwa springi, na teke lake ni lile lile. Ipo mashine ya mezani yenye pampu yake pembeni, nzuri sana, ila bei yake ni ya karakana, si ya karani. Katikati kuna kimoja chenye umbo la drili ndogo, chenye mota ndani. Unakishika kwa mkono mmoja, unakandamiza kitufe, kinavuta taratibu bila teke. Hicho ndicho nilichokifuata Sirari.

Muuzaji alikuwa kijana wa ng'ambo ya mpaka, Mkenya.

"Karibu buda. Hii ndio watu wanachukua."

"Naomba niijaribu kwanza. Nimekuja na bodi yangu."

"Kujaribu? Sasa wewe unanunua ama unakagua?"

"Vyote viwili, ndugu yangu."

"Eh! Huyu lazima ni wa gava." Gava kwao ni serikali. Lakini akaichomeka.

Niliuliza kama moto wake unaongezwa na kupunguzwa. Niliuliza kama kuna pua za akiba, kwa sababu pua, ile ncha inayogusa risasi, ndiyo inayokufa kwanza, na kama kile kikopo kinachopokea risasi kinafunguka kikasafishwa. Ya kwanza aliyonipa haikuwa na akiba yoyote, nikaikataa. Akanitolea nyingine, huku akimwambia jirani yake wa duka kwamba leo amepata mwalimu.

Hapa Bomani niliifanyia mazoezi kwenye ile redio mbovu hadi ikabaki bodi tupu. Nikajifunza kwamba ukishanyonya lazima uiache ivute hewa kidogo kabla ya kuizima, la sivyo risasi inaganda puani. Halafu nikaitoa bodi yako. Kila mguu niliuongezea risasi mpya, nikaweka pua juu yake, nikasubiri risasi itikisike, nikanyonya. Katikati ya kazi nilisimama, nikakaa mlangoni nikihesabu miguu iliyobaki. Nikarudi. Chipu ilipoachia haikutoa hata sauti. Shaba yote ilikuwa mahali pake. Nikapachika chipu mpya, nikailehemu.

Jumamosi nilikirudisha kwako na kukifunga kwenye nguzo yake. Bhoke akabonyeza, kikalia. Mbwa walikimbilia mtoni. Mama wa boma la pili akatoka na mwiko mkononi.

"Zimeni hicho! Kuku wangu wanalalia mayai!"

"Mama, afadhali kuku wakimbie leo kuliko mimi nikimbie kesho," Bhoke akamjibu.

Kisha akachukua simu, akampigia mwanamke waliyekuwa wamepatana naye kupika pamoja kule machimboni. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Dada, tafuta mpishi mwingine. Mimi napalilia." Akakata, akaniuliza kama nitakunywa uji au chai.

Watu watasema nimeurithi ufundi wako. Si kweli. Nimenunua chombo kinachofanya kazi niliyokuwa nikiifanya nimefumba macho, na sasa naifanya ile iliyokuwa yako. Siwezi kusema nina furaha. Naweza kusema kwamba jana asubuhi, nilipogeuka njiani kutazama, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwako.

Lala salama, Shangazi. Nyumba ina mtu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako