Lela Ameanguka Mara Moja

Mpendwa Bi. Mgeni,

Naomba msaada wako, tena kabla ya tarehe 26, maana siku hiyo binti yangu anashuka uwanja wa ndege na mimi sijui uso wangu nitauficha wapi. Mimi ni mama wa watoto wanne, mume wangu Jumbe ni fundi wa reli, tunakaa Makongeni, na mtoto mwenyewe ni Lela, wa miaka kumi na tatu, yule anayecheza densi juu ya viatu vya magurudumu, na kama hujamsikia basi wewe huji pande zetu, kwa sababu kuanzia hapa mpaka Buruburu hakuna asiyemjua.

Sijisifu, lakini mtoto huyu amejaliwa. Mwalimu wake, Bi. Lydiah, anasema watoto wa nchi za baridi huteleza juu ya barafu, na sisi ambao barafu yetu iko kwenye friji ya duka la Dubow tunateleza juu ya simiti, lakini densi ni ile ile, kuruka, kuzunguka kama pia, mguu mmoja nyuma umenyooka kama mshale wa saa. Nguo yake nimeishona mimi kwa cherehani yangu, ya buluu, shanga mia mbili nimezitia moja moja, na Bi. Lydiah akasema hata Ulaya hajaona kama ile. Alipokuwa akifanya mazoezi ukumbini, densi yenyewe dakika tatu, alikuwa anaanguka mara sita, mara saba, mimi nimefumba macho, yeye anainuka anacheka, "Mama, fumbua, nishasimama!"

Basi ukaja mwaliko wa mashindano ya kimataifa ya watoto, huko Italia, akaenda na mwalimu wake, wakisha kushindana wabaki kwa mazoezi, na mimi huku nikatangaza. Nilitangaza sokoni, mferejini, harusini, nikamwambia hata yule anayekuja kusoma mita ya stima, kwamba Lela ameenda kuleta kikombe. Jirani yangu Kavutha akanitania, "Mama Lela, kikombe utakiweka wapi na kabati lako limejaa sahani?" Nikamwambia sahani nitazihamishia kwako.

Halafu ikaja telegramu. Nainakili kama ilivyo: NIMEANGUKA MARA MOJA NAKUJA TAREHE 26 LELA.

Bi. Mgeni, nilikaa chini nikalia. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaanguka mtihani, nikakaa nyumbani, na neno hilo naujua uzito wake, siku ile baba yangu alilirudia mpaka jua likatua. Na sasa mwanangu naye ameanguka, tena mara moja, yaani papo hapo, hata nafasi hawakumpa! Karatasi ningali nimeishika, Kavutha huyo, kaingia bila hodi, "Enhe! Vipi bingwa wetu?" na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukasema, "Amechukua kikombe!" Alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna harusi. Sasa Dubow ameahidi makreti kumi ya soda, kikundi cha tarumbeta cha kanisani kwa kina Kavutha kimekubali kuja uwanja wa ndege, Embakasi, na kina mama wameandika kitambaa, KARIBU BINGWA WETU, herufi kubwa kama za stesheni. Hata Jumbe nimemdanganya, na amejinunulia kofia mpya. Je, Lela akishuka mikono mitupu na tarumbeta zinalia, atanionaje? Niseme kikombe kimeibiwa njiani? Niambie, usinihurumie.

Mama Lela, Makongeni

BI. MGENI ANAJIBU

Mama Lela,

Umesema nisikuhurumie, haya. Hadithi ya kikombe kuibiwa iache hapo hapo, utawasingizia wachukuzi wa watu bure. Umewadanganya watu wanaokupenda, na baya zaidi, umemtwisha mtoto ushindi ambao hakukutuma uutangaze. Kosa ni lako, na utalirekebisha kwa mdomo ule ule uliolifanya.

Lakini kwanza ichukue telegramu uisome tena, polepole, ukikumbuka aliyeituma anavaa nini miguuni. Lela hakufanya mtihani wa darasa la nne, mama. Mtihani ule ulikuwa wako, na umepita miaka mingi. Mtoto wa viatu vya magurudumu akisema ameanguka, ameanguka, chini, pu! Na hiyo mara moja yake si papo hapo. Ni ya kuhesabu: moja. Si sita wala saba, kama ulivyoniandikia wewe mwenyewe. Mtoto anakuletea habari njema, wewe unalia!

Hata hivyo sikutaka kubahatisha. Nimekwenda kwa wenzangu wa ukurasa wa michezo, wakapekua makaratasi yao mpaka wakayapata matokeo. Walishindana watoto thelathini na mmoja. Lela ni wa kumi na mbili. Kikombe hakuna, lakini watoto kumi na tisa waliokulia kwenye kumbi za kuteleza wako nyuma ya binti wa simiti ya Makongeni. Nilipiga kigelegele humu ofisini mpaka mhariri akanikemea.

Sasa fanya hivi. Mweleze Jumbe kwanza, na kofia asiirudishe dukani. Kisha Kavutha, umwambie yote, na akikucheka vumilia, unastahili. Soda ziwepo, tarumbeta zilie. Kwenye kitambaa liondoeni BINGWA, pale mshone LELA, na shanga zilizobaki zitafaa. Akishuka kwenye ndege, habari ya kikombe usiitaje. Muulize goti.

Wala usingoje tarehe 26. Majina yote umeyaandika, na gazeti hili linasomwa Makongeni pia. Likunje, uvuke kwa Kavutha mara moja. Na hiyo yangu, mama, ndiyo papo hapo.

Bi. Mgeni